Picha ya Masizi

Haya yalimkuta rafiki yangu Nurudini, mpiga picha wa Kasulu, mwaka 2013. Alichapa picha kwa masizi na gundi. Zikishaoshwa, palipo peupe panabaki bapa, palipo peusi panavimba hata kidole kinahisi. Mjane mmoja, Mwamvua, alimletea masizi ya sufuria iliyopikiwa chakula cha matanga ya mumewe, Khatibu, amchapie picha kwa hayo. Akapigwa picha peke yake, mbele ya ukuta mweupe.

Kwenye chumba cha giza, maji yakidondoka to, to, Nurudini akaipapasa picha. Kando ya Mwamvua kidole kikagusa pua, ndevu, mdomo uliofumbwa. Akaitoa juani: mahali hapo palikuwa na ukuta mweupe mtupu.

Akamwita mjane. "Shika hapa, dada. Kuna uso, mdomo umefumbwa."

Mwamvua akapapasa. "Ni Khatibu," alisema polepole. "Lakini kabla ya kumzika tulimfunga mdomo kwa kitambaa, kaka. Mbona huu uko wazi?"