Sofa la Bi Mashavu

Pimahali liliingia Mtaa wa Mikoroshini saa nne asubuhi, likielea usawa wa madirisha, dogo kama sahani ya wali. Kazi yake ilikuwa kuchungulia nyumba, kutambua kila kifaa, na kuuambia ulimwengu nani bado fukara. Mataifa yalikuwa yameahidiana kuufuta ufukara kufikia mwaka 2090. Mtaani ilibaki kaya moja tu: ya Tatu na mumewe Shomari, aliyepumua kwa pafubandia, mashine waliyopewa bure mafukara peke yao.

Habari za ugeni zilikuwa zimetangulia. Bi Mashavu, jirani anayejua hata chungu cha nani kimeungua, alifika mapema na sofa lake, limebebwa na watu wanne.

"Shoga, mgeni wa dunia nzima akukute na mkeka? Utatuaibisha!"

"Na hilo friji?"

"La mama Chausiku. Nyamaza, tandika kitambaa."

Wakacheka. Hata Shomari alicheka, mpaka pafubandia likapiga mluzi.

Pimahali likaona sofa, friji, vikombe vya maua dazeni nzima. Likawasha taa ya kijani. Mtaa ukapiga vigelegele.

Siku ya nne, makao makuu ya mpango huo watu walikuwa wakikumbatiana: kaya ya mwisho imevuka ufukara! Injinia Kokugonza, aliyelibuni pimahali, alibaki akitazama picha. Sofa lile, lenye kiraka cha bluu mkononi, alikwisha kuliona. Akazirudia picha za nyuma, moja moja. Sofa moja lilikuwa limevusha kaya kumi na moja.

Alikwenda Mikoroshini mbiombio. Akakuta turubai limefungwa nje, wanawake wamejitanda khanga, wanalia kwa sauti za chini.

Pafubandia lilikuwa limejizima siku ya tatu, kwa amri aliyoiandika Kokugonza mwenyewe: kaya ikivuka, msaada ukome. Majirani walimpepea Shomari kwa zamu, wakapepea mpaka hakuna wa kupepewa.

Ndani palikuwa na mkeka tu. Vitu vya watu vilisharudi kwao.

"Mama, pole," Kokugonza alimwambia Tatu. "Mimi ndiye niliyelitengeneza lile pimahali. Kwa nini hamkuliambia kwamba vitu ni vya kuazima?"

"Kwani liliuliza, mwanangu? Lilitazama tu, likaenda zake."

Injinia alikunja magoti akae mkekani. Tatu akamshika mkono, akamzuia.

"Hapana. Umetoka mbali, hukai chini." Akageukia mlangoni. "Bi Mashavu! Tuna mgeni."

Nje, watu wanne walikuwa wameshaliinua.