Kiti cha Leonia

Kila asubuhi Leonia huchukua dagaa wabichi mwaloni Kibirizi, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Huwafunga kwenye keria ya baiskeli, akawapeleka soko la Mwanga. Mteja wake mkubwa ni Brigita, mwenye mgahawa.

Siku moja Brigita alimpokea amenuna.

"Umechelewa tena, mama! Ukichelewa na kesho, nitanunua kwa mwingine."

Leonia alirudi nyumbani akichechemea. Magoti yalimuuma. Kila akifika mlimani, alilazimika kushuka na kusukuma.

"Baiskeli hii nimeichoka!" alimwambia mumewe, Thobias. "Na Brigita naye ndiye huyo, anataka kununua kwa mwingine."

"Lakini nilikushushia kiti mpaka mwisho, usije ukaanguka na mzigo!"

Shadia, fundi baiskeli, alisikia kutoka ua wa pili. Shadia hangoji kualikwa. Alikuja na spana mkononi.

"Hebu panda, dada, nikuone."

Leonia alipanda. Magoti yakamkaribia kifuani. Shadia alicheka mpaka akashika ukuta.

"Maskini wee! Hapo umechuchumaa. Goti likikunjwa hivyo, linauma, na nguvu zinapotea bure. Nani alipima kiti?"

"Mimi," alisema Thobias. "Nilipanda, nyayo zote zikakanyaga chini. Nikaona hapa ni salama."

Shadia aliwatazama wote wawili. Leonia anampita mumewe urefu kwa kichwa kizima. Jamani! Thobias alimpimia mkewe kwa miguu yake mwenyewe.

Shadia alilegeza nati, akainua kiti.

"Thobias, shika baiskeli. Leonia, kaa. Weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu umenyooka?"

"Umenyooka."

"Basi ni hapo. Ukiendesha, kanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo. Goti litakunjika kidogo tu. Kiuno kikiyumba huku na huku, kiti kimezidi, kishushe. Na bomba la kiti lisipite alama hii, litachomoka."

Alikaza nati kwa nguvu.

"Nikitaka kusimama je? Chini sifiki!"

"Shika breki, shuka mbele ya kiti, kanyaga chini kwa mguu mmoja. Jaribu hapa uani bila mzigo."

Leonia alizunguka ua akipiga kelele za woga. Baadaye akawa anaimba. Kuku walikimbilia jikoni.

Asubuhi aliupanda mlima wa Mwanga akiwa amekaa. Magoti kimya! Alipofika, Brigita alikuwa bado anawasha jiko.

"Mama wee! Umelala hapa sokoni?"

"Nimetoka Kibirizi sasa hivi."

"Leta hao dagaa! Na kesho niletee tena."

Leonia alirudi nyumbani kwa furaha. Jioni Thobias alitaka kwenda dukani. Alipanda baiskeli, miguu ikatafuta pedeli isizione.

"Leonia! Sifiki!"

"Hicho kiti ni cha miguu yangu, baba. Shadia ametuachia spana, ipo dirishani. Kishushe, ukirudi ukirudishe."

Thobias alikitazama kiti. Akashuka, akaiegemeza baiskeli ukutani taratibu.

"Acha kikae hapo hapo," alisema akicheka. "Dukani naenda kwa miguu."