Bolti za Plau Kwenye Gari la Harusi

Ndugu zangu wa Simiyu, nipeni masikio yenu kidogo. Nitakayoyasema hayafurahishi, na mimi mwenyewe siyafurahii. Lakini nikikaa kimya nitakuwa nimerudia kosa lililofanyika katika nyumba hii ninayotaka kuwasimulia.

Milembe alikuwa ameketi uani kwake, pembeni mwa mji wa Bariadi, akianika michembe, vipande vya viazi vitamu, kwenye turubai. Pamba ilikuwa imeshauzwa na ng'ombe walikuwa wamekwenda kunywa maji. Binti yake Precious, mwalimu wa shule ya msingi huko Kasoli, alikuwa amekuja likizo. Alikuwa akimsimulia mama yake vituko vya mchumba wake, Januarius, mpaka wote wawili wakafuta machozi kwa kucheka. Harusi ilikuwa imepangwa mwezi wa nane. Mama gani asingekuwa na amani siku kama hiyo?

Ndipo lori likaingia uani, limebeba gari jingine.

Lilikuwa Datsun ya milango miwili, gari la michezo la miaka ya sabini, lenye pua ndefu na rangi nyekundu iliyopauka. Luhende, mume wa Milembe, aliruka kutoka kwenye lori akitabasamu kama mtoto. Alilipata kwa mjane mmoja wa Mwanza, na ili alipate alitoa mafahali sita bila kumwuliza mtu.

"Mama Precious," alisema, "hili ndilo litakalompeleka binti yangu kanisani. Bariadi nzima itasimama!"

Niwaambie Luhende ni nani. Ni fundi wa plau na mikokoteni, na mikono yake ina sifa hadi Mwandoya. Mkulima akikatikiwa na bolti ya plau asubuhi, mchana yuko shambani tena, maana Luhende hahangaiki na maduka. Huchukua chuma cha duara, hukikata, hukichonga thredi za kushikia nati, kazi imekwisha. Na bolti hiyo ikikatika tena? Ng'ombe husimama, mkulima hulaani kidogo, kisha humrudia Luhende wakataniana. Kwa miaka ishirini na mitano hakuna aliyeumia kwa kazi yake. Kiburi chake kilianzia hapo.

Gari likawaka, likapakwa rangi upya. Kisha Luhende akalifunga matairi mapana yenye rimu za kung'aa. Ili yasisuguane na vyuma vya ndani, aliweka sahani nene ya chuma, spesa, kati ya rimu na habu, kitovu cha gurudumu. Sahani ile ikala nafasi. Zile bolti zinazochomoza kwenye habu na kushika tairi, ambazo mafundi huziita stadi, zikawa fupi. Nati ilizunguka mara tatu tu, stadi ikawa imekwisha.

Akaanza kutafuta stadi ndefu. Aliuliza Bariadi mjini, akauliza Maswa, akapanda basi hadi Mwanza na stadi moja mfukoni, ameifunga kwenye kitambaa. Maduka yalijaa stadi za Noah na za malori. Za gari lake hazikuwepo. Mwuza vipuri mmoja mzee, Marcelo, aliipima, akaigeuzageuza, akatikisa kichwa.

"Za urefu huu ni za kuagiza nje. Wiki sita hivi. Na chuma chake si cha kawaida, kimekomazwa kiwandani. Subiri. Kwa sasa toa hizo spesa, rudisha rimu za zamani, gari litatembea vizuri tu."

"Wiki sita? Harusi ni wiki mbili zijazo."

"Basi harusi iende na rimu za zamani. Kuna ubaya gani?"

Nawauliza na ninyi, kulikuwa na ubaya gani? Rimu za zamani zilikuwa nzima, zimelala stoo. Lakini watu walikuwa wameshaliona gari na matairi mapana, vijana wameshalipiga picha na kurushiana kwenye simu. Luhende aliona kurudi nyuma ni aibu. Hakuagiza kitu. Aliporudi alichukua chuma kilekile cha plau, akachonga stadi kumi na sita. Zilipendeza, sikatai. Kwa macho usingezitofautisha na za dukani.

Milembe alimkuta akizifunga alipompelekea uji karakanani. Aliokota moja, akaitazama kwa muda mrefu. Mwanamke huyu amelima kwa plau tangu usichana wake.

"Baba Precious, hizi si zile za plau?"

"Ni stadi."

"Chuma ni kilekile. Msimu uliopita zilinikatikia mara tatu katika shamba moja."

"Wewe ni mtu wa shamba. Mambo ya magari niachie mimi."

"Magari siyajui. Najua bolti ikikatika, ng'ombe wanasimama. Na gari nalo litasimama?"

Luhende alicheka, kisha akakunja uso. "Unataka kumtia mwanangu mkosi kabla ya harusi yake?"

Neno hilo lilimfunga mdomo. Sote tunajijua, ndugu zangu. Mwanamke mtu mzima akitaja mabaya na mabaya yakatokea, tunasema ndiye aliyeyaita kwa uchawi. Tumewafukuza wanawake vijijini kwa neno dogo kuliko hilo. Milembe aliogopa, akachukua kikombe chake akarudi jikoni.

Jumamosi ya harusi wageni walijaa tangu alfajiri. "Mwangaluka, mayu!" walimsalimu, naye aliitika huku akilitazama lile gari. Binti alipotoka ndani amevaa shela, Milembe alimshika mkono.

"Ng'wanone, mwanangu, panda Noah ya baba yako mdogo Salu."

"Mama! Baba ameshinda kwenye lile gari miezi miwili kwa ajili yangu. Atajisikia vibaya."

"Panda Noah, mwanangu."

"Kwa nini?"

Shangazi yake Precious, Nyanjige, alikuwa amesimama hapohapo akishika pindo la shela, masikio wazi. Milembe alimtazama wifi yake.

"Basi tu," alisema. "Vumbi."

"Tutafunga vioo, mama." Precious alimbusu shavuni, akaenda kukaa kando ya baba yake.

Milembe alifuata nyuma katika Noah. Walipoingia kwenye lami, vijana walijipanga pande zote mbili wakipiga miluzi, na Luhende akakanyaga mafuta ili wapate cha kusimulia. Milembe aliona tairi la mbele kushoto likiyumba. Alipiga kelele, lakini nani angemsikia? Tairi lilichomoka, likalipita gari lenyewe, likaenda kulala kwenye mabua ya pamba. Gari likainama, likagonga ukingo wa kalavati, likapinduka mara mbili. Stadi zote nne zilikuwa zimekatika.

Luhende alivunjika bega. Precious alipakiwa kwenye Noah ya Salu, kichwa chake mapajani kwa mama yake, na hawakufika naye hospitali akiwa hai.

Wageni wa harusi hawakuondoka. Mchele uliochambuliwa kwa sherehe ulipikwa kwa msiba, na Januarius alishika koleo kaburini akiwa na suti yake ya bwana harusi. Sijui kama nitaweza kuisahau suti ile yenye udongo magotini.

Siku ya tatu, wanawake wakiwa wameketi msibani, Nyanjige alipaza sauti. "Mimi nina swali. Wifi alitaka mtoto asipande gari lile. Alijuaje?"

Waliokaa karibu na Milembe walianza kusogea. Lile alilolikwepa kwa kunyamaza lilikuwa limemfikia palepale alipoketi.

Luhende aliinuka, mkono umefungwa shingoni. "Alijua kwa sababu ana akili," alisema. "Chuma kile nilikichonga mimi. Aliniambia, nikamwita mleta mkosi. Nyanjige, nitazame mimi." Kisha akamgeukia mkewe. "Uliniambia, Mama Precious."

"Nilikuambia wewe," Milembe alijibu. "Yeye nilimwambia vumbi."

MAFUNZO

Wanaume wenzangu, ufundi wa mtu una mpaka wake, na kujua mpaka huo si aibu. Chuma kinachotosha nyuma ya ng'ombe hakitoshi kwenye gari linalokimbia. Ukiambiwa kifaa kinachofaa kiko mbali, subiri. Ukishindwa kusubiri, tumia ulichokuwa nacho kwanza, hata kama watu watacheka. Kicheko chao kingekwisha jioni ileile.

Na sisi wengine tusijifiche nyuma ya Luhende. Tumejenga desturi ya kumtilia shaka mwanamke anayeona hatari mapema, mpaka mama mzima akaogopa kumwambia mwanawe ukweli mbele ya wifi yake. Tuiache desturi hiyo, tena leo. Nanyi akina mama, mkijua jambo linaloweza kuua, litajeni kwa jina lake, mbele ya yeyote aliyesimama hapo. Mkisemwa vibaya mtaumia, lakini mtoto atakuwa hai.