Kibishahodi Chenye Sauti ya Sadoki

Saa kumi kamili jioni, kutoka Dodoma hadi Kigoma, vibishahodi vya kampuni ya sabuni ya Povulaini vilinyanyuka kwenye mapaa ya maghala yao. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa chupa ya chai, mapangaboi manne yasiyopiga kelele, jicho dogo la kioo na tundu la sauti. Vilipita juu ya barabara tupu, kila kimoja kikaenda kwenye dirisha lake, kikasimama hewani, kikasema:

"Hodi hapa. Ni mimi tena, jirani yako wa povu."

Sauti ilikuwa moja nchi nzima. Ilikuwa ya Sadoki Mhina. Sadoki mwenyewe wakati huo alikuwa amekaa kwenye chumba cha uongozaji, Dodoma, anatafuna karanga asizozisikia ladha.

Kabla ya Homa ya Pumzi, Sadoki alikuwa mshereheshaji wa gari la promosheni. Alisimama juu ya gari sokoni, muziki ukikoroma nyuma yake, na aliweza kumchekesha muuza nyanya mpaka mizani ikamtoka mkononi. Kisha homa ikaenea dunia nzima ndani ya wiki saba. Masoko yakafungwa. Mabango makubwa yakabaki yanatabasamu kwa barabara zisizo na mtu. Kampuni nyingine zilinyamaza, nyingine ziliwachora barakoa wale warembo wao wa matangazo zikadhani zimemaliza kazi. Povulaini ndio waliogundua kwamba watu waliofungiwa ndani hawakukosa sabuni. Walikosa mtu wa kubisha hodi.

Ndipo Injinia Mkunde alipounda kibishahodi, na nyuma yake akaweka akili unde iitwayo Msikizi, iliyojifunza tabia za kila nyumba. Sauti waliichukua kwa Sadoki. Alikaa siku tisa kwenye chumba chenye kuta za sponji, akitamka kila salamu, kila pole na kila aina ya kicheko. Alitia sahihi akiwa na furaha.

Sasa kazi yake ilikuwa kumlisha Msikizi vichekesho vipya na kutazama ubao ulioonyesha ni dirisha gani lina mazungumzo marefu zaidi. Kwa wiki tatu mfululizo lilikuwa lilelile: chumba namba kumi na nne, hosteli ya walimu, Kigoma. Humo alikuwamo Eliwaza, mke wake. Alikwenda kwenye mafunzo ya siku kumi na nne, mikoa ikafungwa, na huu ulikuwa mwezi wa tano.

"Dakika mia na kumi," alisema Injinia Mkunde, akipita na kikombe kitupu. "Shemeji anatuvunjia rekodi."

"Ananunua sabuni," Sadoki akajibu.

"Dakika mia na kumi? Labda anahesabiwa povu mojamoja."

Sadoki alicheka kwa meno tu. Yeye, mume wa ndoa, alipata dakika nane kwa siku. Alipiga simu, akauliza habari, akaambiwa nzuri; akatupa kichekesho, akarudishiwa kicheko chembamba; kisha mtandao ukawa mbaya. Ikifika saa kumi simu haikupokelewa kabisa, kwa kuwa mwenye simu alikuwa dirishani na yule mwingine.

Alijua fika kwamba yule mwingine hana moyo wala masharubu. Hata hivyo chakula kilikuwa hakipiti. Mwanaume mwenzako unaweza kumfuata mkakunjana mashati, lakini utalikunja vipi koo lako mwenyewe? Wiki iliyopita alifikia hatua ya kuandika vichekesho vibovu makusudi na kuvielekeza Kigoma. Msikizi alivitupa vyote.

Kusikiliza maongezi ya wateja kulikatazwa. Msikizi peke yake ndiye aliyeruhusiwa. Lakini kila kibishahodi kilikuwa na mlango wa dharura, mahali ambapo mtu angeweza kuingia na kuongea badala ya mashine. Alhamisi hiyo Mkunde alipotoka kwenda kuongeza chai, Sadoki alivuta maikrofoni, akabonyeza kumi na nne.

"Hodi hapa," alisema.

"Karibu," akaitika Eliwaza. Kupitia lile jicho dogo Sadoki alimwona amejitanda kanga, mashavu yamepungua. "Leo umechelewa."

"Njiani kulikuwa na foleni ya kunguru."

Eliwaza akatikisa kichwa kidogo. "Sasa, jana nilifika wapi? Lile sanduku. Nimelifungua, na ndani—"

"Mumeo hajambo?"

"Hajambo. Nimelifungua, nikakuta—"

"Anakupigia lakini? Maana mwanamke mzuri hivi akiachwa peke yake, hata sabuni inaona wivu."

Eliwaza alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Sado," alisema taratibu. "Toka kwenye mashine ya watu."

Sadoki aliweka karanga chini. "Umejuaje?"

"Yule huwa ananiacha nimalize."

"Kwa hiyo ni yeye anayekuchekesha siku hizi? Kwa vichekesho vyangu?"

"Hajawahi kunichekesha. Alijaribu siku ya kwanza, nikanyamaza, hakurudia tena."

"Basi dakika zote hizo mnaongea nini?"

"Naongea mimi." Alijifuta uso kwa pindo la kanga. "Unamkumbuka Leokadia?"

"Mwenzako wa chumbani? Ile mashine ya kusaga?" Ilimtoka kabla hajaizuia. Ndivyo alivyomwita tangu siku aliposikia mkoromo wake kwenye simu.

"Alifariki, Sado. Wiki tatu zilizopita, kwenye kitanda hicho hapo. Walikuja watu wamevaa kama wanaanga wakamchukua. Hapakuwa na turubai, hapakuwa na mkeka wa kukalia. Jioni yake ukapiga simu. Nikaanza kukwambia. Ukasema nimsogezee simu Leokadia, umeimiss ile mashine yako ya kusaga."

Sadoki alikumbuka. Siku ile alicheka peke yake, akadhani mtandao umekatika.

Nyuma ya Eliwaza, juu ya kitanda cha pili, aliona vipande vya Povulaini vimepangwa, havijafunguliwa, vimepanda mpaka pale ambapo mto ungekuwa.

"Zote hizo za nini?"

"Nikimaliza kuongea huwa ananiuliza kama nahitaji kipande kimoja. Nasema ndiyo. Naogopa nikikataa hatarudi."

Na kweli asingerudi. Dirisha lisilonunua kwa siku tatu liliondolewa kwenye orodha. Kanuni hiyo ilibandikwa ukutani, juu ya kichwa cha Sadoki. Msikizi alijifunza kutoka kwa mamilioni ya madirisha kwamba mtu anayeachwa amalize hukaa zaidi, na anayekaa zaidi hununua. Haikuwa huruma. Ilikuwa hesabu, na siku ilipotangazwa kikaoni, Sadoki alipiga makofi kama wengine.

Alifungua kinywa aseme pole. Hapo akakumbuka chumba cha sponji, siku ya tano, alipotamka pole kwa namna arobaini: ya mgonjwa, ya msafiri, ya mfiwa. Ile ya mfiwa Mkunde aliisifu sana, ya chini, yenye pumzi kidogo mwishoni. Eliwaza alikuwa ameshapewa hiyo, hapohapo dirishani, kwa sauti hiihii, kisha akauziwa sabuni. Sadoki akafunga kinywa. Alitafuta neno jingine ambalo hakuwahi kuliuza, akalikosa.

"Sado? Upo?"

"Nipo."

"Mbona umenyamaza?"

"Lile sanduku," alisema. "Ni la Leokadia?"

"Ndiyo."

"Ulilifungua, ukakuta nini?"

Eliwaza alilitazama lile jicho la kioo kwa muda, kama anayepima uzito wa kitu. Kisha akavuta kiti karibu na dirisha, akakaa. Kwenye meza ya Sadoki taa nyekundu iliwaka: muda wa kutoa ofa. Aliifunika kwa kiganja. Mlango ukafunguliwa, Mkunde akaingia na chai yake, akaona maikrofoni, akaona namba ya chumba, akataka kusema kitu. Sadoki hakugeuka.

Eliwaza akaanza upya, tangu mwanzo.