Hereni ya Kumi na Moja

Kila asubuhi mimi humshikia baba ndoo akikamua ng'ombe. Jumamosi hiyo niliiinamisha bila kujua hadi maziwa yakamwagika.

"Umeamka na nini leo?" baba akauliza.

Nikasema ni baridi. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa kuliko siku zote za maisha yangu, maana bwana mifugo alikuwa anakuja.

Ukame ulituulia ng'ombe kumi na mmoja. Serikali ikatangaza msaada wa dharura kwa wafugaji: unalipwa kwa kila ng'ombe aliyekufa, mradi upeleke hereni yake, kile kipande cha plastiki chenye namba anachovishwa sikioni. Baba alizikata zote, akanikabidhi nizitunze. "Wewe ndiye karani wangu," alisema. Malipo hayo ndiyo yangenunua chakula cha ng'ombe sita waliobaki. Bila hayo, nao wangekwisha.

Basi karani mwenyewe akafanya nini? Nilikwenda na hereni moja shuleni, nikaifanya kigae katika mchezo wa kuruka mistari. Ilitua pale pale nilipotaka, wenzangu wakanionea wivu. Kengele ikalia, tukakimbilia darasani, na niliporudi sikuiona. Nilitafuta hadi kucha zikajaa udongo.

Niliogopa kumwambia baba. Nikachukua mkasi, nikamwendea Bibi, ng'ombe wetu mpole kuliko wote, nikaikata hereni yake na kuitia mfukoni pamoja na zile kumi. Baba akazipeleka ofisini, nami nikashusha pumzi. Wiki iliyofuata tukasikia kwamba jirani yetu amefutwa kabisa kwenye orodha kwa kupeleka hereni ya ng'ombe aliye hai, na kwamba bwana mifugo anapita zizi hadi zizi kuwakagua walio hai.

Bwana mifugo alifika jua likiwa limepanda, daftari kwapani. Mtu mwenyewe si wa maneno mengi. Alisoma namba ya ng'ombe wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akafika kwa Bibi, akamshika sikio.

"Mzee, hereni ya huyu iko wapi?"

Baba alishangaa kweli kweli. "Labda imenasa kwenye ua, bwana."

"Hii imekatwa kwa mkasi. Namba yake unaikumbuka?"

Baba akaitaja bila wasiwasi, masikini, hajui anajichimbia shimo. Kidole cha bwana mifugo kikateremka kwenye orodha ya waliokufa, kikasimama. Akatoa kalamu.

Nilitamani kukimbia, lakini nilimwona baba amesimama pale na kofia mkononi, akimtazama yule mtu kama mshtakiwa asiyejua kosa lake.

"Ni mimi niliyeikata," nikasema. "Baba hajui lolote." Nikaeleza yote, kigae, kengele, mkasi, huku machozi na kamasi vikinitiririka.

Bwana mifugo akafuta namba moja tu, ya Bibi.

"Jirani yenu alinibishia hadi mwisho," alisema. "Nyinyi mtalipwa kumi. Wa kumi na moja hana ushahidi, siwezi kumlipia."

"Ni haki, bwana," baba akajibu.

Alipoondoka nilisubiri fimbo. Baba akachuchumaa mbele yangu, midomo imemkauka, ndipo nikajua kwamba naye alikuwa ameogopa.

"Ungeniambia siku ile ile, tungekwenda wote kuitafuta," alisema. "Tungeikosa, tungepoteza malipo ya ng'ombe mmoja, basi. Ulivyoficha, nusura tukose yote, na mimi niitwe mwizi nikiwa sijaiba. Mwanangu, ukikosea, njoo uniambie, hata kama unajua nitakasirika. Hasira zangu hazilali hadi kesho."