Aliyebisha kwa Jina la Yesu

Jumapili, tarehe 30 Desemba 2007. Jioni ile nilikuwa nachambua sukuma wiki katika nyumba yetu ya kupanga, Laini Saba, Kibera, huku mume wangu Bonface akisikiliza redio. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Machakos. Bonface alikuwa seremala kutoka Bungoma. Watoto wetu, namshukuru Mungu, walikuwa wamekwenda kwa mama yangu kwa ajili ya Krismasi.

Matokeo ya urais yalipotangazwa, mtaa mzima ulinguruma. Bonface, ambaye watu wa kwao walimpigia kura aliyeshindwa, alizima redio, akaburuta kabati hadi mlangoni, akaketi sakafuni na patasi mkononi.

Moshi ukaanza kupenya chini ya mlango. Tulisikia mabati yakipigwa kwa mawe. Tulisikia mwanamke akiomba kwa lugha ya kwao Bonface, kisha akanyamaza ghafla...

"Je, wakituita kwa majina?" nikanong'ona.

"Hata kwa majina, usijibu."

Ndipo ikaja sauti ya kike: "Tumsifu Yesu Kristu!"

Ndugu wasomaji, anayesali katika jumuiya ndogo ndogo anaijua hodi hiyo. Kila wiki tulizunguka nyumba kwa nyumba na Biblia zetu, na aliyefika hakutaja jina. Alisema maneno hayo, nasi tukamfungulia. Tena sauti yenyewe niliifahamu. Alikuwa Mama Beti, jirani yetu, msimamizi wa ndoa yetu kanisani!

"Milele na milele, Amina," nikajibu. Ulimi ulitangulia akili. Bonface alinitazama, kisha akalisogeza kabati yeye mwenyewe.

Vijana wakamiminika ndani, wakimsukuma Mama Beti ukutani.

"Niaje, fundi!" mmoja akacheka. "Si tuliambiwa umeenda ushago, kwenu Bungoma?"

"Vijana wangu, mmelala kwenye vitanda nilivyowatengenezea..."

"Na leo tunakutengenezea sanduku, buda!"

Panga la kwanza lilimpata begani, la pili shingoni. Nilimrukia nimkinge, nikapigwa rungu mgongoni. Damu yake ilikuwa ya moto magotini mwangu. Walimwaga mafuta ya taa juu ya kitanda chetu na kukiwasha. Nilimshika Bonface makwapani, nikamvuta hadi kwenye reli, na pale juu ya kokoto akakata roho. Ningemlilia nani, ikiwa aliyewaleta ndiye aliyeshika shela yangu siku ya harusi?

Wifi yangu Roselida alinipokea kwake Kawangware, eneo liitwalo 56. Hata huko sikusalimika. Majirani, watu wa kwao Bonface, walikuja na mawe, wakipiga kelele kwamba watu wa kwetu Machakos wamekula njama na wauaji.

"Toa huyo mama nje, Rosa! Ama tumtoe sisi!"

Roselida alisimama mlangoni akiwa na jembe. "Huyu ni mke wa ndugu yangu. Anayemtaka aanze na mimi. Haya, nani shujaa?" Jiwe lilimpasua paji la uso, lakini hakuondoka. Walitawanyika wakitukana.

Jumatano ya Majivu niliandamana naye hadi kanisani, upande wa Riruta. Padri aliponyoosha kidole chenye majivu, niligeuza uso. Nyumba yangu yote ilikuwa majivu. Alitaka kunipaka nini tena? Kwaresima nzima sikuweza kusali. Niliona panga tu!

Katika mkesha wa Pasaka, mama mmoja wa jumuiya yetu ya zamani aliniwashia mshumaa kwa mshumaa wake. Baada ya misa alinivuta kando.

"Mwalimu, usiku ule walikuwa wamemshika Beti huko vibandani, panga kooni. Mamake aliambiwa achague. Mpaka leo mtoto hajui yaliyotokea kwenu."

Nilikaa chini pale pale uani. Je, kama ningeshikiwa mwanangu Wafula, ningemchagua nani?

Wasomaji wenzangu, wanasiasa walikuja kupeana mikono, lakini wafu wetu hawakurudi. Nawasihi, msikubali kura iwageuze majirani kuwa mawindo. Mkiona vijana wenu wakinoa mapanga, wazuieni mapema, kabla ya mama yeyote kulazimishwa kuchagua. Na wewe uliyefiwa, usione haya ikiwa msamaha wako unachelewa. Wangu ulikuja nusu.

Wiki chache baada ya Pasaka nilimtumia barua hii:

"Mama Beti,

Nimeelezwa kuhusu Beti. Kwamba ulimwokoa mwanao, nimekusamehe. Kwamba ulitumia jina la Yesu, bado. Nikisema nimesamehe nitakuwa nadanganya. Niombee hilo lililobaki.

Nami nakuomba jambo moja. Beti akikuuliza Baba Wafula alikufaje, mwambie aliuawa katika ghasia. Asikue akidhani kwamba anadaiwa uhai wake. Atakapokuwa mtu mzima tutamweleza sote wawili, wewe na mimi, tukiwa tumeketi naye."