Jiwe Alilolileta Lenox

Wewe, ushawahi kubishiwa hodi kutoka ndani ya maji? Rafiki yangu Nasimiyu amebishiwa. Alikuwa anatengeneza tangi lake la kwanza la samaki wa baharini, pale nyumbani kwao mtaa wa Mountain View: maji ya chumvi, mchanga, na jiwe la matumbawe ambalo mumewe Lenox alimletea kutoka Kilifi. Samaki bado. Jioni moja stima ikapotea, pampu ikanyamaza. Gizani, Lenox akaanza tena kujisifu jinsi alivyolipigia mbizi jiwe hilo baharini.

Ko, ko, ko.

"Si uzime hiyo pampu!"

"Pampu gani, Lenox, na hakuna stima?"

Ko! Kioo kikapasuka. Maji yakampita Nasimiyu, yakapanda miguu ya Lenox hadi magotini.

"Basi! Sikupiga mbizi! Nililing'oa kwenye kaburi la matumbawe!"